Jaji au juri? Jinsi ya kuamua ukishtakiwa kwa jinai Marekani

Kwenye mabenchi ya nje ya chumba cha mahakama ndiko ushauri mwingi hugawiwa, tena bure. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili katika mahakama za Marekani, na muda mwingi wa kazi yangu ni kukaa pale nikisubiri kesi iitwe. Mazungumzo ninayoyasikia hayatofautiani sana. "Mjomba, wewe omba jaji," mzee mmoja alimwambia mpwa wake. "Jaji kasoma. Hao watu kumi na wawili watakuangalia sura tu." Shangazi mtu akadakia: "Jaji gani? Analipwa na haohao wanaokushtaki. Chukua juri, akipatikana mmoja tu mwenye huruma umepona." Kijana akanigeukia mimi. Mkalimani haruhusiwi kutoa ushauri wa kisheria, kwa hiyo nikamwambia amuulize wakili wake, nikaangalia sakafu.

Mzee na shangazi kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli. Kosa lao lilikuwa kwenye swali. Walikuwa wanatafuta nani atamhurumia kijana, wakati swali lenye faida ni jingine: ubishi wenyewe wa kesi uko wapi? Uko kwenye sheria, au uko kwenye nani aaminiwe? Ukilijua hilo, nusu ya uamuzi imeshafanyika. Ninayoyaandika hapa ni ya kukusaidia uende kwa wakili ukiwa na maswali mkononi. Hayachukui nafasi yake, maana kila jimbo lina taratibu zake na kila kesi ina vitu ambavyo havipo kwenye karatasi.

Kwanza, juri yenyewe ni nini

Kwenye taarifa za habari utasikia "jopo la wazee wa mahakama". Jina hilo linapoteza watu. Wajumbe wa juri si wazee wala si wanasheria: ni raia waliookotwa kwenye orodha, na mmoja wao anaweza kuwa kijana wa miaka 18. Na usiwalinganishe na wazee wa baraza waliokuwa wakikaa na jaji kwenye kesi za mauaji katika Mahakama Kuu ya Tanzania. Wale walikuwa wakitoa maoni, na jaji hakufungwa nayo. Juri ya Marekani haitoi maoni, inatoa uamuzi. Ikisema huna hatia, unatoka, na jaji hana uwezo wa kulipindua hilo hata kama amekunja uso. Ikisema una hatia, jaji bado anaweza kuifuta hukumu hiyo pale ushahidi ulipokuwa hautoshi kisheria, ingawa hutokea kwa nadra.

Ukiachana na juri, jaji peke yake anafanya kazi zote mbili: anasimamia sheria na anaamua nini kilitokea.

Hatua ya 1: Hakikisha kama haki hiyo unayo

Wengi huanza kugombana juu ya uchaguzi ambao hawana. Katiba ya Marekani, Rekebisho la Sita la mwaka 1791, inampa mshtakiwa wa jinai haki ya juri, na tangu mwaka 1968 Mahakama ya Juu imesema majimbo nayo yanabanwa na haki hiyo. Lakini ina kizingiti. Kama adhabu ya juu kabisa ya kosa inazidi miezi 6 gerezani, haki unayo. Kama ni miezi 6 au pungufu, kosa huhesabiwa kuwa dogo na Katiba haikudai juri. Na ukishtakiwa makosa madogo matatu kwa pamoja, miezi yake haijumlishwi ili uvuke kizingiti. Hilo liliamuliwa mwaka 1996.

Hicho ni kiwango cha chini tu. Jimbo linaweza kukupa zaidi. Huko Texas unaweza kudai juri hata kwa tiketi ya barabarani ambayo adhabu yake ni faini tu. New Jersey, mtu aliyekamatwa akiendesha gari amelewa hupelekwa mbele ya jaji wa manispaa bila juri. Kwa hiyo usichukue uzoefu wa binamu yako wa jimbo jingine ukaufanya ramani.

Virginia na North Carolina zina mlango ambao watu hawaujui. Kesi za makosa madogo huanzia mahakama ya wilaya, bila juri. Ukishindwa pale, una siku 10 za kukata rufaa, na rufaa hiyo haipitii tu mafaili: kesi inaanza upya kabisa mahakama ya juu yake, na huko juri unaipata. Siku 10 zinapita haraka mno kwa mtu anayefikiri "nitakwenda wiki ijayo".

Mtoto anayeshtakiwa katika mahakama ya watoto hana haki hiyo chini ya Katiba. Ni majimbo machache yanayoitoa kwa sheria zao.

Hatua ya 2: Usiruke njia ya tatu

Watu hubishana jaji au juri huku mbele yao kuna njia ambayo karibu kila mtu huishia kuipita: kukiri kosa kwa makubaliano na mwendesha mashtaka. Mahakama ya Juu yenyewe mwaka 2012 ilitaja kwamba asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu, na asilimia 94 katika majimbo, zilitokana na watu kukiri. Ukikiri, umeiacha haki ya juri pamoja na haki ya kuhoji mashahidi wanaokushtaki.

Sisemi ukiri wala usikiri. Ninachosema ni kwamba ofa iliyo mezani ndiyo kipimo cha kila kitu kingine. Muulize wakili: wamenipa nini, ofa inakwisha lini, na nikienda hadi mwisho nikashindwa, adhabu inaweza kufika wapi? Andika majibu yote matatu kwenye karatasi moja.

Kwa msomaji asiye raia wa Marekani, hapa ndipo pa kukaza macho. Tangu mwaka 2010, wakili wa jinai ana wajibu wa kukueleza athari za kukiri kwenye uhamiaji wako. Kama hajakueleza, mwulize wazi. Sheria ya uhamiaji ina hesabu yake: kwa makosa kama wizi, hukumu ya mwaka mmoja inaweza kumtia mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, kwenye kundi la makosa baya kuliko yote kwa mtu anayeogopa kufukuzwa nchini, hata kama jaji ameiahirisha hukumu hiyo na hukulala gerezani usiku mmoja. Na ule utaratibu wa "kiri sasa, ukikaa vizuri tutafuta" unaweza kuhesabiwa na uhamiaji kuwa hukumu ya hatia, hata baada ya mahakama ya jimbo kufuta. Nimeona watu wakipeana mikono kwa furaha kwa ofa ya siku 365 ambayo siku 364 ingewaokoa.

Jambo dogo kabla hatujaendelea. Usimdharau wakili uliyepewa bure. Tangu mwaka 1963 ni haki ya mtu asiye na uwezo kupewa wakili kwenye kesi kubwa za jinai, na mtu kulipwa na serikali hakumfanyi kuwa mtu wa mwendesha mashtaka. Wengi wao wamesimama mbele ya jaji yuleyule mara nyingi mno, na habari hiyo haipatikani kwa bei yoyote nje.

Hatua ya 3: Jaza sentensi hii

Chukua kalamu, andika: "Nitashinda kama atakayeamua ataamini kwamba…" Kisha malizia. Usiandike hadithi yako yote, andika kitu kimoja.

Chukua mfano wa mama aliyetoka dukani akisukuma kigari cha mtoto, na chini ya kigari kuna pakiti ya nepi ambayo haikulipiwa. Kwenye video anaonekana akiiweka pale kwa sababu mikono imejaa, mtoto analia, analipia vingine, anatoka. Sentensi yake itakuwa: "…nilisahau, sikuwa na nia ya kuiba." Hiyo ni kesi ya watu. Wizi unahitaji nia, na nia haina mita ya kuipima. Ukiwaweka watu kumi na wawili kwenye chumba, kuna uwezekano mkubwa wapo waliowahi kufika kwenye gari wakagundua kitu hakikulipiwa. Jaji naye anaweza kuwa mzazi, ndiyo, lakini jaji pia amesikia "nilisahau" mara nyingi wiki hii. Kesi ya namna hii huegemea juri.

Sasa geuza. Mama yuleyule, video ileile, ila ubishi ni kama thamani ya vitu inavuka kile kiwango cha fedha kinachotenganisha kosa dogo na kosa kubwa, na kama kodi ya mauzo inahesabiwa ndani ya thamani hiyo. Sentensi yake imekuwa: "…kifungu hiki kinasomeka hivi, si vile." Mbele ya juri, hoja hiyo itasikika kama ujanja wa mtu aliyekamatwa. Jaji ndiye aliyezoea kusoma kifungu nukta kwa nukta, na hatakuona mjanja kwa kumwomba afanye kazi yake.

Kwa kipimo hicho, kesi zinazoelekea juri ni zile za neno lako dhidi ya neno la shahidi mmoja, za kujitetea mwili, za askari anayesema jambo ambalo mtu wa kawaida analiona haliingii akilini. Zinazoelekea jaji ni za ufundi wa sheria, za mahesabu na wataalamu, na za aina moja zaidi ambayo watu hawapendi kuitaja: zile ambazo shtaka lenyewe linachafua moyo. Picha za majeraha ya mtoto zikipita mkononi mwa watu wasiowahi kuona kitu kama hicho, kuwaambia wafikirie kwa utulivu kama ni wewe uliyefanya ni kazi ngumu. Jaji ameshaona picha mbaya. Hapo mazoea yake, yale yaliyokuwa hasara kwa mama wa nepi, yanakuwa kinga.

Kuna hali ya katikati. Tuseme tegemeo lako lote lilikuwa kumwomba jaji autupe ushahidi kwa kuwa polisi walipekua nyumba bila kibali halali, na jaji amekataa. Huna hoja nyingine. Ukikiri tu hivihivi, mara nyingi umeua rufaa ya lile ombi. Ukienda kwenye juri, unachoma siku tano kubishania yasiyobishika na kukosa punguzo la adhabu. Muulize wakili kuhusu kesi fupi mbele ya jaji ambamo pande mbili zinakubaliana maelezo yote, au kukiri kwa masharti, ili lile swali la upekuzi liende rufaa likiwa hai. Mahakama za shirikisho zina kanuni ya kukiri kwa masharti, ila mwendesha mashtaka na jaji lazima waridhie.

Hatua ya 4: Jaji wako anajua nini tayari?

Juri huingia chumbani ikiwa haijui kitu. Jaji amekuwa na faili lako kwa miezi.

Hapa ndipo faida kubwa ya juri ilipo, na mara nyingi haisemwi. Kama polisi walikutoa maungamo bila kukusomea haki zako na jaji akaamua maungamo yasitumike, kwa kawaida juri haitayasikia. Ukimchagua jaji, anayeamua ni yuleyule aliyeyasoma. Sheria inachukulia kwamba jaji anaweza kuyaweka kando, na nadhani wengi hujitahidi kwa dhati. Lakini kichwa ni kichwa. Vivyo hivyo kwa makosa yako ya zamani: kwa kawaida juri haitaambiwa, isipokuwa ukipanda kizimbani kutoa ushahidi, hapo baadhi yanaweza kuletwa kuonyesha kwamba huaminiki. Jaji huenda aliyaona siku ya dhamana.

Kwa hiyo uliza: ni jaji yupi hasa atakayesikiliza kesi, au bado hajapangwa? Je, ndiye aliyesikiliza maombi ya awali? Amewahi kuachia watu kwenye kesi kama yangu akiwa peke yake, au wakili hakumbuki hata mmoja? Majimbo mengi huchagua majaji kwa kura, na jaji anayekaribia uchaguzi katika mji uliochafukwa na aina fulani ya uhalifu ni jambo ambalo wakili wa mji huo atalijua bila kufungua kitabu. Kuchagua "jaji" kama kitu cha jumla ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya 5: Hesabu kura

Mbele ya jaji kuna kura moja. Mbele ya juri ya shirikisho zipo 12, na zote lazima zikubaliane. Hadi juzijuzi Oregon na Louisiana ziliruhusu mtu afungwe kwa kura 10 dhidi ya 2. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilifunga mlango huo kwa makosa makubwa nchi nzima. Idadi ya wajumbe, hata hivyo, si lazima iwe 12. Florida hutumia 6 kwa kesi zisizo za hukumu ya kifo. Kuwashawishi watu sita na kuwashawishi kumi na wawili ni vitu viwili tofauti, na ukiwa mshtakiwa, kumi na wawili ni bora.

Sasa lile la shangazi, "akipatikana mmoja umepona". Hapana. Mmoja akigoma, juri imeshindwa kuafikiana, kesi inavunjika, na mwendesha mashtaka anaweza kuianza upya kwa juri nyingine. Wakati mwingine anachoka au anatoa ofa nzuri zaidi. Wakati mwingine anarudi akiwa amejifunza utetezi wako wote. Kama uko mahabusu kwa kukosa dhamana, mmoja huyo mwenye huruma amekununulia miezi zaidi ndani. Bado ni afadhali kuliko kufungwa, ila uijue bei.

Mchujo wa wajumbe nao uingize kwenye hesabu. Kwenye kesi kubwa ya shirikisho, upande wa utetezi unaweza kuwakataa wajumbe 10 bila kutoa sababu, mwendesha mashtaka 6. Tangu 1986 hairuhusiwi kumkataa mtu kwa sababu ya rangi yake. Arizona imeondoa kabisa ukataaji wa bila sababu tangu mwanzo wa 2022. Na usitegemee kuona watu wa nyumbani kwenye viti vile: katika mahakama za shirikisho mjumbe lazima awe raia, awe ameishi eneo hilo mwaka mzima, na Kiingereza kiwe kinapanda. Mwenye kadi ya kijani hayumo.

Hatua ya 6: Kiswahili chako kitasikikaje?

Nitakaa hapa kidogo, maana hili mawakili hawalioni na mimi ninaliona kila wiki.

Mtu ameanguka, ameumia. Mwenzake anamwendea, anamwambia "pole, pole sana". Kila mtu wa Kiswahili anajua neno hilo halina ukiri ndani yake. Unampa pole hata aliyefiwa, hata anayerudi kutoka kazini. Sasa neno hilo limenaswa kwenye kamera ya kifuani ya askari, likatafsiriwa haraka haraka na mtu ofisini, na kwenye karatasi limekuwa lile neno la Kiingereza la kuomba msamaha. Mbele ya wajumbe kumi na wawili, mshtakiwa ameomba radhi dakika mbili baada ya tukio. Kuomba radhi kwa nini kama hakufanya kitu?

La pili ni "ndiyo". Mwendesha mashtaka anauliza: "Hukumsukuma?" Mtu wetu anajibu "Ndiyo", akimaanisha ndiyo, ulivyosema ni kweli, sikumsukuma. Kwa Kiingereza jibu hilo likitoka kavu linasikika vibaya sana. Mimi wajibu wangu ni kutafsiri kilichosemwa, siwezi kusimama nikamsaidia. La tatu ni macho. Aliyelelewa kutomkazia macho mkubwa anaposema naye atainamisha kichwa mbele ya jaji, na mtu asiyejua adabu hiyo ataona aibu ya mkosaji.

Hayo yote yanarekebishika, na marekebisho yanafanywa kabla. Mwambie wakili kila neno ulilolisema siku ya tukio kwa Kiswahili, umwombe tafsiri ya polisi ikaguliwe na mkalimani mwingine mwenye sifa. Jizoeze kujibu kwa sentensi nzima: "Hapana, sikumsukuma." Mwombe wakili apendekeze swali kwenye mchujo wa juri: je, kuna yeyote atakayemwamini kidogo mtu anayezungumza kupitia mkalimani? Huwa kunakuwa na mkono mmoja unaoinuka, na ni heri uinuke mapema.

Baada ya hapo pima. Jaji wa mji mkubwa ameshasikia wakalimani wengi, hashtuki. Juri inasikiliza sauti yangu lakini inatazama uso wako. Kama hadithi yako inabebwa na uso na machozi, mkalimani hupunguza makali yake. Kama hadithi yako ni nyepesi kueleweka na ushahidi mwingine unaibeba, huenda hutahitaji kusema kabisa. Kukaa kimya ni haki yako, na tangu 1965 mwendesha mashtaka haruhusiwi kuugeuza ukimya kuwa hoja. Wakili anaweza kumwomba jaji aiambie juri isilihesabu hilo dhidi yako.

Hatua ya 7: Uliza nani mwingine lazima akubali

Haki ya juri ni yako. Haki ya kuikataa juri si yako peke yako. Katika mahakama za shirikisho, ili usikilizwe na jaji tu, unaandika na kusaini, mwendesha mashtaka anakubali, na jaji anaidhinisha. Mwaka 1965 Mahakama ya Juu ilisema hakuna ubaya kwa serikali kukukatalia, maana kinachobaki ni juri, ambayo Katiba ilikuahidi. California na Texas nazo zinadai ridhaa ya mwendesha mashtaka. Illinois uamuzi ni wa mshtakiwa. New York unasaini mahakamani mbele ya jaji, ambaye anaidhinisha. North Carolina haikuruhusu kabisa kesi kubwa kusikilizwa bila juri hadi wapiga kura walipobadilisha katiba ya jimbo mwaka 2014.

Mwendesha mashtaka akikataa kwa nguvu kukuruhusu uiache juri, jiulize anaogopa nini kwa jaji huyo. Hiyo nayo ni habari.

Texas ina kitu ambacho majimbo mengi hayana: mshtakiwa anaweza kuchagua juri ndiyo ipange hata adhabu. Kwa hiyo huko una maamuzi mawili, na tarehe ya kuyatangaza iko kabla kesi haijaanza. Ukilala, jaji ndiye atakayepanga.

Uliza pia gharama. Kesi ya jaji inaweza kwisha mchana mmoja; ya juri inaweza kula siku tatu kwa mchujo na ushahidi mdogo tu. Wakili wa kulipwa atatoza tofauti hiyo. Na kama mnafikiria rufaa, juri haitoi sababu, inasema neno moja au mawili basi. Jaji wa shirikisho, akiombwa kabla hajatamka uamuzi, lazima aeleze alichokiona kuwa kweli. Kwa upande mwingine, maelekezo ambayo jaji huisomea juri ni shamba la makosa ambalo mawakili wa rufaa hulilima kila siku, na kwenye kesi ya jaji shamba hilo halipo.

Hatua ya 8: Siku ya kusaini

Maamuzi manne kwenye kesi ya jinai ni ya mshtakiwa mwenyewe: kukiri au kukana, kuwa na juri au kutokuwa nayo, kutoa ushahidi au kukaa kimya, kukata rufaa au kuacha. Wakili anashauri. Mzee anashauri. Anayesaini ni wewe.

Ukiamua kuiacha juri, jaji atakuuliza maswali hadharani, nami nitayanong'ona sikioni mwako. Umesoma hadi darasa la ngapi? Leo umetumia dawa au kinywaji chochote kinachokuchanganya akili? Unaelewa kwamba ungekuwa na watu 12, na kwamba ungeshiriki na wakili wako kuwachagua? Unaelewa kwamba wote lazima wakubaliane ndipo upatikane na hatia? Kuna mtu amekuahidi kitu, au amekutisha? Watu wengi hujibu "ndiyo" kwa yote, hata lile la mwisho, kwa sababu wanataka yaishe. Jaji anasimama. Anauliza tena. Wakili anageuka.

Jibu swali uliloulizwa. Kama hukulielewa, sema hukulielewa, na useme kwangu kwa sauti ili nami niliseme kwa sauti. Hakuna jaji atakayekasirika, maana saini iliyopatikana bila kuelewa ndiyo itakayomrudia kwenye rufaa. Kama karatasi imeandikwa kwa Kiingereza, omba isomwe yote kwa Kiswahili kabla kalamu haijagusa, hata kama korido imejaa na karani anaangalia saa. Na kama kesho yake umebadili mawazo, mpigie wakili asubuhi hiyohiyo. Kurudisha juri uliyokwisha kuiacha kunategemea jaji atakavyoona, na kadiri tarehe ya kesi inavyosogea na mashahidi wanavyoitwa, ndivyo atakavyosita zaidi.